Miche hufa kwa maji mengi

Anayeanza kuotesha nyanya au pilipili hoho kwenye viriba barazani, hapa Bariadi mkoani Simiyu, aanze na udongo kabla ya kutafuta dawa. Wengi huchota udongo mweusi wa mbuga kwa sababu ndiko pamba na mpunga hustawi. Hoja yao ina uzito shambani, ambako mizizi ina nafasi ya kwenda chini. Ndani ya kiriba, udongo huohuo hufura ukilowa, hukosa hewa, kisha hupasuka ukikauka na kukata mizizi michanga. Luseni, yaani udongo wa kichanga, pekee nao haufai, maana maji hupita na kwenda na mbolea. Dawa ni kuchanganya: madebe matatu ya udongo wa juu usio mzito, mawili ya samadi iliyooza vizuri, moja la mchanga. Wapo watakaosema jua la Simiyu ni kali, hivyo miche imwagiliwe asubuhi na jioni bila kukosa. Jua ni kali kweli, lakini kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo, hupenda unyevu uliotuama na miche iliyobanana. Toboa viriba chini, panda kwa nafasi, ruhusu hewa ipite, na mwagilia asubuhi pale tu kidole kinapogusa ukavu chini ya tabaka la juu. Maafisa ugani wetu walifundishe hili kabla ya msimu, kwa kuwa mkulima anayepoteza kitalu hupoteza mbegu na msimu pia.