Jina Lako Likitajwa

Leo tuzungumze juu ya moyo kushtuka.

Mwakumbuka mwezi Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, kikaua mamia ya watu. Sisi wa huku Ufukoni tuliisikia habari ile redioni. Tukasema, "Maskini!" Kisha kila mtu akaenda zake, huyu kwenye nyavu, huyu kwenye mikorosho. Mwezi uliofuata redio ikataja kimbunga kingine, Kenneth, na safari hii likasomwa jina la Mtwara. Nilikuwa naandika daftari, kalamu ikaniponyoka. Akina mama wakatoka nje kuwaita watoto. Tarehe 25 Aprili kimbunga kile kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, nasi tukasalimika.

Redio ni ile ile. Mbona mara ya kwanza tulihurumia tu, na mara ya pili tukatetemeka?

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Mwaka 1959 huko Uingereza, Neville Moray aliwavika watu visikilizio, akawaambia wafuate maneno ya sikio moja tu. Yaliyosemwa katika sikio la pili hawakuyajua. Lakini jina la mtu lilipotajwa katika sikio hilo, kama theluthi yao walilisikia. Mwaka 2002 huko Marekani, watu walipigwa picha za ubongo huku wakiulizwa: neno hili la tabia lakufaa wewe, au lamfaa Rais? Walipojifikiria wenyewe, sehemu ya katikati, nyuma ya paji la uso, ilifanya kazi zaidi. Sehemu hiyo inaungana na kinofu kidogo mfano wa lozi kilicho ndani ya ubongo, ambacho husaidia kuamsha hofu na kuuendesha moyo mbio. Huenda ndiyo sababu jambo likituhusu, hutuchoma zaidi.

Msomaji, hapa pana faida na hasara. Hasara ni hii: wapita kisimani, wasikia jina lako, watu wacheka. Damu yapanda, nawe hujajua walisema nini! Urafiki wa miaka mingi huvunjika hivyo. Basi ukiona hasira yapanda, jiite kwa jina lako kama unamshauri mwenzio: "Fulani, kwa nini umekasirika?" Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wanaojisemesha hivyo hutulia zaidi.

Faida nayo ni kubwa. Wewe mjumbe, ukipeleka onyo la tufani, usiseme "watu wa pwani". Taja kitongoji, taja nyumba, taja mwenye mtumbwi. Atasikia.

Nasi tusingoje mpaka tutajwe. Wazee walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Beira ilinyolewa, nasi vichwa vyetu vilikuwa vikavu.