Acha Kumsema Mama, Loweka Pojo

Nianze na kitu ambacho kitawaudhi baadhi yenu. Zile video za "leo nimempikia mwanangu nini", zenye boksi la vyumba vitano, brokoli imekatwa kama vijiti na yai limewekewa macho, mimi huziangalia mpaka mwisho. Sina ubaya nazo. Ubaya uko chini, kwenye komenti. Mtu yuko Barani au Kisumu Ndogo hapa hapa Malindi, amejinunulia bando lake, anaandika: "Wamama wa siku hizi ni wavivu, watoto chipsi kila usiku." Na watu mia tatu wamempa moyo.

Hebu tumfuate huyo mama mvivu siku moja. Anasafisha vyumba kwenye hoteli Watamu, au yuko kwenye kampuni za chumvi kule Gongoni, au ana kibanda cha nguo sokoni. Saa kumi na moja anatoka. Matatu inasubiri ijae. Anashuka stejini saa kumi na mbili unusu, giza lishaingia. Mtoto wa miaka mitatu analala saa mbili. Toa kuogesha, toa kutafuta maji kama mfereji umekauka, toa kuwasha jiko la makaa, ambalo likiamua kununa linanuna. Amebaki na dakika ngapi? Arobaini, akiwa na bahati. Maharagwe makavu hayaivi kwa dakika arobaini. Chipsi za hamsini pale kona ziko tayari, na mtoto anazimaliza bila kubembelezwa. Siku ambayo hata hiyo hamsini haipo, ni chai ya rangi na mkate.

Mimi simuoni mvivu hapo. Namuona mtu aliyepiga hesabu ya saa.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inaacha deni, na mwenye kulilipa ni mtoto. Ule utafiti mkubwa wa afya ya jamii wa Kenya, KDHS wa 2022, ulipima watoto wa chini ya miaka 5 nchi nzima. Kenya kwa jumla, waliodumaa ni asilimia 18. Kilifi ni asilimia 37. Ndiyo kiwango cha juu kuliko kaunti zote 47. Si Turkana, si Mandera. Ni sisi, wenye bahari mbele na mto Sabaki ubavuni, tunaouza maembe mpaka Nairobi. Na 2014 tulikuwa na 39, yaani miaka 8 nzima tumepunguza mbili tu.

Kudumaa si kuwa mfupi kwa kurithi. Ni mtoto kubaki nyuma ya umri wake kwa sababu mwili ulikosa chakula cha maana, au aliugua ugua sana miaka ya mwanzo. Ubongo nao unajengwa wakati huo huo. Watu wa afya husema siku 1000, toka mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, na baada ya hapo kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana. Kwa hivyo huyo mdogo anayetambaa hapo nyumbani kwenu, unayemrusha juu ukipita, saa yake inahesabika sasa hivi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: bro, watu hawana hata unga. Kweli. Kuna ukame Ganze na Magarini, kuna maji machafu, kuna kuhara na malaria, na hakuna sufuria ya pojo itakayomaliza hayo. Hayo ni ya serikali na tuendelee kuidai. Lakini leo nazungumzia nyumba ambayo hamsini ya chipsi ipo. Nyumba hizo ni nyingi, na nyingi ni zetu sisi tunaosoma hapa.

Kwani chipsi zina nini? Kiazi si sumu. Tatizo ni tumbo la mtoto, ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza wanga na mafuta, nafasi imeisha. Shirika la Afya Duniani lina hesabu rahisi kwa watoto wa miezi 6 mpaka 23: vyakula vimegawanywa makundi 8, na kwa siku mtoto apate angalau 5. Maziwa ya mama ni kundi moja. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika ni moja. Halafu kunde na njugu. Maziwa mengine. Nyama na samaki. Mayai. Mboga na matunda yenye vitamini A kama mchicha, embe na papai. Na mboga na matunda mengine. Sasa chukua pakti ya chipsi uhesabu. Kundi moja. Ile tomato sosi nyekundu kama rangi ya boti siihesabu, mnisamehe.

Chai ya rangi na mkate pia ni kundi moja, na hapo chai inaongeza kosa: ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mtoto alikuwa apate kidogo, sasa anapata kidogo zaidi. Chai haijakatazwa, lakini kwa mtoto mdogo usiifanye ndiyo chakula cha usiku.

Sasa tuje kwa kinachonikera kabisa. Tunaongea kama vile chakula cha haraka chenye afya ni kitu cha kuagiza kutoka Instagram. Wakati huku kwetu kipo, kinauzwa barabarani, na anayekiuza ana jina: mama karanga. Kwa walio mbali, karanga hapa si njugu, ni kukaanga. Hawa ndio wamama wanaochukua samaki kwa wavuvi, wanamkaanga, na jioni wamekaa na karai na meza yao. Kipande kidogo cha samaki aliyeiva, bei yake haiko mbali na ya hizo chipsi. Toa miba vizuri, mvunjie vunjie kwenye sima au wali, kamulia ndimu. Dakika tatu. Na ndimu si ya ladha peke yake, vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua chuma ya mboga na ya pojo. Bibi zetu walikamulia tu bila kusoma hayo.

Mafuta ya karai siyatetei. Kuna mama anayebadilisha na kuna mwenye mafuta meusi toka Jumatatu. Macho unayo, chagua meza.

Samaki akiwa ghali, dagaa. Huliwa na mfupa wake, chuma na kalsiamu zote mle mle. Kaanga kikavu, twanga, weka kwenye kopo. Kijiko kimoja kwenye uji au sima ya mtoto wala hajui amekula nini. Yai pia, chemsha manne kwa pamoja. Mchicha wa nazi ukiukatakata mdogo unaiva kabla hujamaliza wimbo wa tatu, na lile tui lina kazi yake: vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee.

Lakini mfalme wa dakika arobaini ni pojo. Ndengu, kwa watu wa bara. Hebu nieleze kidogo kwa sababu naona watu wanaziogopa wakidhani ni kama maharagwe. Asubuhi mtu anachambua kikombe kimoja, anaosha, analoweka. Kazi ya dakika mbili. Jioni zikiwekwa motoni, nusu saa haziifiki zishakuwa laini. Kitunguu, nyanya, tui, basi. Kikombe kimoja kikavu kinashibisha watoto wawili na mtu mzima mmoja akila kwa adabu.

Makaa yakiwa ya shida, tumia chupa ya chai. Chemsha pojo dakika kumi, zimimine kwenye chupa pamoja na maji yake yakiwa bado yanatokota, funga, nenda zako. Baada ya masaa matatu zimejiiva zenyewe, unarudisha motoni kidogo tu kuziunga. Hila hii usiifanye na maharagwe mekundu! Yale yana sumu ya asili inayoisha kwa kutokota kweli kweli dakika kumi au zaidi, na yakipikwa kwa uvuguvugu yanaweza kuitapisha nyumba nzima. Pojo hazina habari hiyo.

Jambo jingine la huku kwetu: mchuzi wa nazi haulali. Kwa joto hili, bila friji, asubuhi ushachacha. Kwa hivyo kama unapika pojo za siku mbili, chemsha zote lakini weka tui zile za leo tu. Za kesho zichemshe tena usiku kabla ya kulala, na asubuhi tena.

Sawa. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi usiku. Nani atachambua pojo? Nani atawasha jiko saa kumi na mbili kasoro ili akifika akute maji yanachemka?

Mimi na wewe.

Chuo niliacha, hilo mnalijua, sitarudia. Nakaa kwa dada yangu, na ana watoto wawili, mmoja miaka miwili, mwingine mitano. Dada huingia saa moja usiku. Mimi kuanzia saa tisa niko ndani nakata video. Mpangilio wetu hauhitaji kikao: pojo ni zangu, samaki atapita naye dada kwa mama karanga akishuka stejini, mkubwa wa miaka mitano anaosha ndizi, au anazimwagia maji tu, sisemi. Sima, pojo, samaki, mchicha, ndizi mbivu. Hesabu makundi. Ni 5, na hakuna brokoli.

Majirani washaniuliza kama nimeolewa. Mmoja kaniita "shemeji" wiki nzima. Poa tu. Lakini nauliza, mbona kijana wa kiume akikaanga chipsi kibandani ni biashara, na akisonga sima nyumbani ni aibu? Mwiko ni ule ule. Mapishi mangapi ya harusi huku kwetu yanashikwa na wanaume, masufuria ya biriani makubwa kama tangi, na hakuna anayewaita mashemeji?

Na nisieleweke vibaya. Ninaposema mtu wa nyumbani asaidie, simaanishi dadako wa miaka kumi na tatu aongezewe mzigo mwingine. Yeye tayari ndiye anayeosha vyombo, anayebeba mdogo mgongoni, na kitabu cha hesabati kakiegemeza kwenye ndoo. Namaanisha wewe. Wewe uliyemaliza shule unangoja kazi. Wewe uliye maskani toka adhuhuri.

"Lakini si watoto wangu." Nimeisikia hiyo. Ni watoto wa dadako, au ni wadogo zako. Sasa ukirudi saa nne usiku unafunua sufuria, unafunua za nani?

Kuna suala moja bado linanisumbua, la mbaazi. Mbaazi za nazi ndicho chakula chenye afya kilicho rahisi kupata mtaani Pwani yote, lakini kinauzwa asubuhi na mahamri, na kufikia saa nne sufuria imepinduliwa. Jioni, saa ambayo mama ana dakika arobaini, kuna chipsi, viazi karai na soseji. Wakati wa Ramadhani mambo hubadilika, alasiri mbaazi na maharagwe ya nazi yanapatikana kila pembe. Kwa hivyo si kwamba haiwezekani.

Nilimuuliza mama mbaazi wa hapa kwetu Muyeye. "Mama, mbona jioni hupiki?"

"Jioni nani atanunua mbaazi, mwanangu? Jioni watu wataka chipsi."

"Na Ramadhani je?"

"Ramadhani ni Ramadhani." Akafunika sufuria. Halafu akasema, mimi makaa yangu siwezi kuyachoma bure, niletee watu kumi wenye kuweka oda kabla ya adhuhuri, kila Jumatatu mpaka Alhamisi, na mimi saa kumi na mbili nitakuwa na mbaazi za moto hapa.

Mpaka jana usiku tulikuwa saba. Kama uko Muyeye au unaweza kupita, andika jina na idadi ya watoto hapo chini kabla ya Jumapili. Na uje na bakuli lako, hana mifuko.