Picha za Angani na Mipaka ya Mashamba Yetu

Wanafunzi wa Jiografia hukariri kwamba picha za angani ni za wima au za mshazari, kisha huyasahau hayo pindi mtihani unapokwisha. Nasikitika, maana wengi wao huishi katika mashamba ambayo mipaka yake ilichorwa kutokana na picha za aina hiyo.

Mpango wa Swynnerton ulipoanza mwaka 1954, vipande vya ardhi vilivyotawanyika huko Mkoa wa Kati viliunganishwa na kusajiliwa. Kupima kila shamba kwa mnyororo kungalichukua miaka mingi mno. Kwa hiyo wenye mashamba walitakiwa kupanda nyua mipakani, ndege ikapita juu na kamera iliyotazama chini moja kwa moja. Picha zilikuzwa, na wapimaji wakafuatisha mistari ya nyua. Ramani nyingi za msajili wa ardhi zilizaliwa hivyo.

Lakini picha si ramani, kwa kuwa kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Tuchukue ndege ndogo iliyo mita 1,520 juu ya bonde, yenye lenzi ya milimita 152. Kipimo cha picha bondeni ni 1:10,000. Mgongo wa kilima ulioinuka mita 152 juu ya bonde hilo utakuwa na kipimo cha 1:9,000. Asiyesahihisha tofauti hiyo atalizidishia shamba la mgongoni eneo kwa zaidi ya asilimia 23! Picha nyingi za mwanzo hazikusahihishwa, na nani asiyeijua milima na mabonde ya Murang'a na Nyeri?

Sheria yenyewe ya mwaka 1963 ilikiri kwamba ramani hizo ni za makadirio tu, na ile ya mwaka 2012 ikarudia vivyo hivyo. Hata hivyo, ndugu wa tumbo moja hushikana mashati, kila mmoja akipunga nakala yake kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. (Kwa namna fulani, ilishuka.)

Nawasihi walimu wainunue nakala ya ramani ya eneo la shule, wawatoe wanafunzi nje na utepe wa kupimia, walinganishe kilichochorwa na kilichopo. Hesabu ya lenzi na kimo haimshindi mwanafunzi wa sekondari, na jioni ataweza kumweleza babake kabla kesi haijafika mahakamani.