Nira au hesi: wazamiaji wa pwani wachague kwa elimu

Wahenga walituusia kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ninaoukusudia leo ni pete ya mpira iliyo ndogo kuliko sarafu ya shilingi kumi. Pete hiyo, ambayo mafundi huiita oringi, hukaa pale mtungi wa hewa wa mzamiaji unapokutana na regulata, yaani kile chombo kinachopunguza nguvu ya hewa hadi kiasi anachoweza kukivuta kwa kinywa. Ikikaa sawa, binadamu hupumua chini ya bahari kana kwamba yu barazani kwake. Ikichomoka, hewa yote aliyoibeba mgongoni hububujika na kumwacha.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini mwalimu wa Kaloleni au mwanafunzi wa Ganze ambaye hajawahi kuvaa mtungi. Jibu langu ni kwamba linamhusu sana. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, nazo ni za kwanza nchini. Joto la bahari lilipopanda mwaka 1998 na matumbawe mengi ya pwani hii yakafa, waliotueleza ukubwa wa hasara hiyo ni watu waliozamia wakahesabu. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, yamelala mabaki ya jahazi la kale la Wareno ambayo wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa wamekuwa wakiyachunguza. Mwaka 2024 baadhi ya wataalamu walisema kuwa huenda ni São Jorge, chombo cha msafara wa mwisho wa Vasco da Gama wa mwaka 1524, ingawa hilo bado lilihitaji kuthibitishwa. Mjini Kilifi tunacho Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati mwaka 2013, ambako sayansi ya bahari hufundishwa. Kwa hiyo kuzamia si mchezo wa mgeni wa hotelini peke yake. Ni kazi, na vijana wetu wana haki ya kuirithi.

Ili tuelewane, natanguliza fizikia kidogo. Hewa yote iliyo juu yetu tukisimama ufuoni hutulemea kwa kanieneo ya takriban bari 1. Gurudumu la gari dogo hujazwa kiasi cha bari 2 zaidi ya hapo. Mtungi wa mzamiaji hujazwa takriban bari 200. Katika kiwango hicho, kila sentimita moja ya mraba husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 200 hivi, yaani zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Hiyo ndiyo nguvu ambayo pete yetu ndogo huizuia.

Kuna namna mbili kuu za kuunganisha regulata na mtungi. Ya kwanza ni ya nira. Regulata huwa na fremu ya chuma inayozunguka vali ya mtungi, kama nira inavyokaa shingoni mwa ng'ombe, kisha skurubu moja hukazwa kwa mkono kutoka nyuma ili kuibana. Ya pili huitwa DIN, kwa herufi za taasisi ya viwango ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1917. Hii haina fremu. Regulata ina hesi, nayo huparafujiwa ndani ya vali yenyewe hadi ikafika mwisho.

Nira ina sifa zake, na si haki kuzificha. Hufungwa upesi, haichoshi mikono ya mwanafunzi, wala haina hesi nyingi za kuharibiwa na chumvi na mchanga. Mtalii anayeshuka mita 12 kutazama samaki wa Watamu, akiwa na kiongozi makini na mtungi uliotunzwa, hana sababu ya kuiogopa. Mamilioni ya watu duniani wamezamia kwa nira na kurudi salama.

Hata hivyo, DIN inaishinda katika mambo matatu. Kwanza, pete yake hufungiwa ndani ya chuma pande zote, hivyo ni vigumu kuchomoka. Katika nira, pete hubanwa baina ya nyuso mbili, na regulata ikigongwa kwa nguvu na mwamba au ubavu wa mashua, yaweza kusogea na pete ikaponyoka. Pili, nira haikusudiwi kupita bari 232, ilhali DIN ya hesi ndefu hutumika hadi bari 300. Tatu, DIN haitokezi sana kisogoni, hivyo nyavu na kamba zilizotupwa baharini haziinasi kwa urahisi. Anayefanya kazi penye nyavu kuukuu hawezi kulipuuza hilo.

Kwangu mimi, lililo zito kuliko hayo ni suala la nani anayewajibika. Katika mtindo wa nira, pete huwa kwenye vali ya mtungi, na mtungi aghalabu ni wa yule anayeukodisha. Mzamiaji huyatia maisha yake katika pete ambayo hakuinunua na hajui ina umri gani. Katika mtindo wa DIN, pete iko kwenye regulata, na mzamiaji wa kazi aghalabu hujimilikia regulata yake. Huikagua mwenyewe, huibadilisha mwenyewe, na ikiharibika hana wa kumlaumu. Natamani vijana wetu wafundishwe kazi kwa namna inayowapa wajibu huo mikononi mwao.

Wapo watakaosema kuwa kila mtu na achague apendavyo. Nawakumbusha kisa cha jikoni mwetu. Kabla ya kanuni za mwaka 2009, kampuni za gesi ya kupikia nchini zilikuwa na vali za maumbo mbalimbali. Regulata ya kampuni moja haikuingia katika mtungi wa nyingine, na mama wa nyumbani alikuwa kama mateka wa duka moja. Kanuni hizo zilipolazimisha vali za aina moja kwa mitungi midogo, mnunuzi alipata uhuru. Kanuni za mwaka 2019 zilibadilisha utaratibu wa kampuni kubadilishana mitungi, lakini funzo la vali halikufutika: palipo na kipimo kimoja, mnyonge hupumua.

Kisa kingine ni cha mbali na cha huzuni zaidi. Mwezi Februari 1904 mji wa Baltimore, huko Marekani, ulishika moto. Wazima moto walikuja kutoka Washington, Philadelphia na New York, wakiwa na ari na vifaa. Walipofika, wengi wao waligundua kuwa mipira yao ya maji haikuingiliana na mabomba ya Baltimore. Majengo yapatayo 1,500 yaliteketea. Maji yalikuwapo na watu walikuwapo, ila viungo vilikataana.

Nasi tusijione kuwa mbali na masaibu ya namna hiyo. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likiwa na mama na binti yake. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha takriban mita 58. Sisemi hata kidogo kwamba viungo vya regulata ndivyo vilivyochelewesha kazi ile; kina, giza na mikondo vilitosha kuifanya ngumu. Ninalosema ni kuwa siku ya msiba kama ule, wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji, wa Huduma ya Ulinzi wa Pwani iliyoundwa mwaka 2018, wa taasisi nyingine na wa kujitolea huenda wakahitaji kupokezana mitungi. Siku hiyo si siku ya kugundua kuwa mtungi wa huyu unaikataa regulata ya yule.

Walimu wa hesabu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi uzito wa jambo hili ubaoni. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una hewa ya lita 2,400. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angeimaliza kwa dakika 120 akiwa juu ya maji. Lakini kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bari 1. Katika mita 20, penye bari 3, hewa ile humtosha dakika 40. Katika mita 58, penye bari 6.8, haifiki dakika 18, nasi hatujamwekea akiba ya kupandia. Katika hesabu kama hiyo hakuna nafasi ya pete inayovuja.

Basi tuchague nini? Bahati njema ni kwamba mafundi wamekwisha kutengeneza njia ya kati. Ipo vali ya DIN ya bari 232 inayouzwa na kipande cha chuma kinachoingizwa ndani yake. Kipande kikiwamo, mtungi hupokea regulata ya nira. Kikitolewa kwa ufunguo wa pembe sita, mtungi uleule hupokea DIN. Mgeni wa Ujerumani aliyezoea DIN na mwenzake aliyezoea nira watahudumiwa kwa mtungi mmoja. Vipo pia viungo vya kati vya kuigeuza regulata ya DIN iwe ya nira, ila hivyo huongeza urefu kisogoni na huongeza mahali pa kuvuja. Navihesabu kuwa dawa ya dharura.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni hili. Kila anayenunua mitungi mipya katika ukanda wa Kilifi, Watamu na Malindi anunue yenye vali hiyo ya kugeuzwa. Vyuo na taasisi za umma zinazotuma watu chini ya maji zikubaliane kuwa regulata zao zitakuwa za DIN, na za hesi ndefu. Maana regulata ya bari 300 huingia katika vali ya bari 200, lakini ya bari 200 haiwezi kufunga barabara katika vali ya bari 300. Tofauti hiyo iliwekwa makusudi, ili asiyestahili nguvu ile asiipate kwa bahati mbaya. Shirika la viwango nchini, KEBS, liongoze mazungumzo hayo.

Najua pingamizi la gharama. Kubadilisha vali zote kwa siku moja kungewaumiza wenye biashara ndogo, nami siliombi hilo. Vali huchakaa, na mitungi hustaafu. Naomba tu kwamba kila kinachonunuliwa upya kinunuliwe kwa mpango, wala si kwa kufuata chochote kilicho rahisi sokoni wiki hiyo. Najua pia kuwa DIN hudai utunzaji: hesi zake zisukutuliwe kwa maji baridi, zifunikwe kwa kifuniko chake, na zisilazimishwe zikiingia kombo. Lakini utunzaji hufundishika, na ndiyo maana nawaandikia walimu.

Somo la kanieneo limo katika vitabu vyetu, na bahari imo mbele ya madirisha ya shule zetu nyingi. Ni aibu kwamba mtoto wa Mayungu aweza kumaliza shule akijua kuchora manometa, lakini asijue hewa ya mzamiaji anayempita ufuoni imefungwaje. Mwalimu na amwombe mzamiaji mmoja aje darasani na regulata mbili, ya nira na ya hesi. Wanafunzi wazishike, wazikaze, waitazame ile pete, kisha wajadili ni ipi wangeiamini katika kina cha mita 30 na kwa sababu gani.

Tukifanya hivyo, siku moja kijana wa pwani hii atakapoulizwa na mwajiri ni kiungo kipi kinunuliwe, hatajibu kwa mazoea wala kwa kuiga wageni. Atajibu kwa hoja.