BABU ZETU HAWAKUWA NAMBA

Mfanyakazi anapofariki dunia, kilio hakijakwisha ofisi huanza kudai karatasi. Chatakiwa cheti cha kifo, vyatakiwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chatakiwa cheti cha ndoa, na tena muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua msimamizi wa mirathi. Mjane aliyeishi na marehemu miaka thelathini, na ambaye mtaa mzima wamjua, huambiwa kwamba mbele ya sheria hajulikani bado. Wanachama wengi wameyaona mambo hayo katika matawi yao na mahali pao pa kazi, na wengi huwalaumu makarani. Makarani wana makosa yao, nasi hatutawatetea. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo lililo nyuma ya karani, nalo ni historia ya kuandikwa kwetu: nani alituandika, alituandika kwa ajili gani, na sisi tufanye nini na maandishi yale.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, ikaanza kutumika 1921. Kwa Mzungu na kwa Mwasia kuandikishwa ilikuwa lazima. Kwa Mwafrika haikuwa lazima. Aliyetaka aende, asiyetaka akae, na boma lenyewe huenda likawa mwendo wa siku tatu kwa miguu. Baada ya Uhuru ndipo ulazima huo ulipoenezwa kwa wote, wilaya baada ya wilaya. Basi mtu anayetafuta leo habari za babu yake aliyezaliwa zama hizo asishangae akikosa hata mstari mmoja katika daftari za vizazi. Hakupotea babu yule. Serikali ya wakati ule haikuona kuzaliwa kwake kuwa ni jambo la kuandikwa.

Wala si kwamba wakoloni hawakujua kumwandika Mwafrika. Walimwandika sana pale walipomhitaji. Mjerumani alianza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, na kwa ajili hiyo nyumba zilihesabiwa na wenyewe wakajulikana kwa majina. Mtu alipokwenda shamba la mkonge alipewa kipande cha siku thelathini, kila siku ya kazi ikatiwa alama, naye hakulipwa mpaka siku zile zitimie. Alipovunja mkataba alitafutwa kwa jina lake na kwa kijiji chake. Kwa hiyo nasaba zetu zimo katika maandishi, ila zimo mahali pasipokuwa pake: katika daftari za kodi, za kazi na za mahakama.

Tazama habari za manamba. Katika miaka ya kwanza ya ukoloni wa Mwingereza na hata baadaye, wanaume kwa maelfu walitoka Kigoma, Njombe, Songea na nchi za jirani kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, ile iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila kibarua alipewa namba, na kwa namba ile wakaitwa manamba, jina ambalo wazee wa Korogwe na Muheza hawajalisahau. Karani aliandika jina kama sikio lake lilivyosikia. Aliyeitwa kwa jina la ukoo wake aliandikwa kwa jina la utani alilopewa njiani. Aliyekuwa na majina matatu akaachiwa moja. Wengine walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wengine walioa hukohuko Tanga, wakazaa, wakazikwa, na leo wako wajukuu wasemao Kisambaa au Kibondei ambao walilojaliwa kulijua juu ya asili yao ni neno moja tu, kwamba babu alikuwa Muha au Mbena. Upande wa pili wa nchi uko ukoo ambao hata leo husimulia habari za kijana aliyekwenda mkongeni asirudi. Watu hawa ni ndugu, na kinachowatenga si umbali, kwani basi hufika. Kinachowatenga ni jina lililoandikwa vibaya na karani ambaye hakujali.

Na hasara ya jambo hili si ya moyo peke yake, ni ya fedha pia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waafrika wapatao milioni moja walitumikishwa uchukuzi wa mizigo ya majeshi katika Afrika Mashariki. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa wapagazi hao. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa upande wa Waingereza yanafikia watu karibu 100,000, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Marehemu hao walikuwa na mishahara yao ambayo haikulipwa. Ikasemwa kwamba warithi hawaonekani: majina hayakueleweka, vijiji havikuandikwa sawasawa. Baada ya vita Hazina ya Uingereza ilikataa kuzitoa fedha hizo, nazo zikabaki kwa yule yule aliyewatuma. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwako, ila lilishikwa na mdaiwa.

Karne nzima ikapita, na mwezi wa Aprili 2021 ndipo tume maalumu ya shirika la Jumuiya ya Madola linalotunza makaburi ya vita ilipokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu ikafika 350,000. Sanamu ya Askari tuliyonayo Dar es Salaam tangu 1927 haina jina la mtu hata mmoja.

Sasa mtu aanzie wapi? Sisi twasema aanze na wazee walio hai, tena leo, asingoje likizo. Aulize jina la kuzaliwa, jina la jandoni, jina la dini na jina la utani, yote manne, kwa sababu hajui ni lipi lililomwangukia karani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama 1922 akaitwa Kambarage; jina la Julius alilipata alipobatizwa Nyegina, Desemba 1943. Ikiwa Baba wa Taifa angetafutwa kwa jina la Julius katika habari za utoto wake asingeonekana, sembuse babu ya mtu asiyejulikana. Na mzee akisema alizaliwa mwaka wa nzige, au mama yake alikuwa mjamzito wakati wa Majimaji, asichekwe. Majimaji ilikuwa 1905 hadi 1907, na hiyo ni tarehe iliyo bora kuliko nyingi zilizobuniwa mezani kwa kujazia fomu.

Baada ya wazee aende kwenye vitabu vya dini. Mapadri walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893. Kitabu cha ubatizo huandika jina, siku, wazazi na wasimamizi, na kwa Wakatoliki ndoa ya baadaye huongezwa pembeni ya jina lile lile, hata ukurasa mmoja ukaweza kukuonyesha maisha mazima. Kwa Waislamu yako majalada ya makadhi, hasa Unguja, yenye habari za ndoa, talaka, wakfu na mirathi. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar inazo hata orodha za watumwa walioachwa huru, zikiwamo zile za miaka ya 1860 wakati wa Balozi Rigby, aliyewaacha huru watu zaidi ya 3,000. Tunajua wako wanaoona haya kutafuta humo. Haya ni ya aliyemnunua mwenzake.

Vitabu hivi vya dini vina fadhila moja ambayo haisemwi. Ndimo bibi zetu wanamoonekana. Daftari la kodi lilimtaka mwanamume, kipande kilimtaka mwanamume, na mwanamke akaachwa nje kana kwamba ukoo hujizaa wenyewe. Ubaya huu umewaumiza zaidi watu wanaohesabu ukoo kwa mama, kama Waluguru, Wamwera, Wamakua na Wayao. Mluguru hujulikana kwa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Lakini karani alimwandika kwa jina la baba, na mjukuu anayefuata karatasi peke yake ataishia kwenye mlango ambao si wake. Hapo neno la mjomba ni nyaraka kuliko karatasi yenye mhuri.

Iko pia Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, iliyowekewa sheria yake mwaka 1965. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo humo yaliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Na wanachama wasisahau sanduku la nyumbani. Kadi ya TANU ya bibi au ya babu, iliyohifadhiwa tangu siku za kudai Uhuru, ina jina alilolichagua mwenyewe bila kulazimishwa na bwana shamba.

Atakayeuliza kama mstari mmoja wa maandishi una thamani, na asikie habari za Berlin. Mafuvu ya watu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani yalichukuliwa na kuwekwa katika makumbusho huko, mengi yakiwa ya Rwanda. Wataalamu walipoyachunguza, ni manane tu yaliyokuwa na habari za kutosha kujaribu kutafuta jamaa zao kwa kupima damu ya urithi. Mwezi wa Septemba 2023 ikatangazwa kwamba jamaa wa watu watatu wamepatikana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno Akida, na kwa neno hilo ulipatikana ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga Moshi ya Kale mwezi wa Machi 1900. Neno moja likamuunganisha mtu na wajukuu wake baada ya miaka zaidi ya mia. Waliokosa neno wamebaki kabatini.

Juu ya hali yetu wenyewe, hatuna sababu ya kujisifu. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara, katika kila watu mia, wenye cheti cha kuzaliwa hawakufika kumi na watano. Hiyo ilikuwa nusu karne baada ya Uhuru, na hapa hatuwezi kumsingizia Mjerumani. Mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano katika ofisi za kata na vituo vya afya, bila malipo, ulianzia Mbeya mwaka 2013 ukaenezwa mkoa baada ya mkoa, nao ni mpango mwema. Lakini vifo bado vimeachwa nyuma. Sheria yataka kifo kiandikishwe katika siku thelathini. Vijijini watu huzika, huanua tanga, na neno la cheti hukumbukwa siku mafao yanapodaiwa.

Mabalozi wa mashina na wawaandike waliozaliwa na waliofariki katika nyumba zao, na jina la mama lisiachwe, kisha wawapeleke wahusika kwa msajili kabla ya siku kupita. Vyama vya wafanyakazi viwadai waajiri waliorithi mashamba ya zamani waeleze vitabu vya manamba viko wapi, na vile vilivyosalia vifikishwe Upanga. Serikali nayo iweke nakala za majalada ya kila mkoa katika mkoa wenyewe, maana mkulima wa Kasulu hawezi kukaa Dar es Salaam wiki mbili akingoja jalada. Na katika parokia na misikiti ya zamani viko vitabu vinavyoliwa na mchwa wakati huu tunapoandika. Kwa ruhusa ya wenyewe, kazi ya kuviokoa yaweza kuanzwa na tawi lolote lenye simu moja ya kupigia picha na kijana mmoja mwenye mwandiko wa kusomeka.