WATUNZI WANAWAKE WAFUNDISHWE SHULENI



Lipo jambo ambalo sisi walimu wa shule za msingi tumelifanya dogo, nalo ni watunzi wa nyimbo, hasa wanawake.

Niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita wanitajie watunzi wanaowajua. Walitaja majina kumi na moja, yote ya wanaume. Hata msichana mmoja anayeitungia kwaya yetu nyimbo za mahafali alitaja wanaume watupu. Hakujitaja, wala hakumtaja bibi yake. Je, amejifunza wapi kwamba kutunga ni kazi ya wanaume? Si kwa mama zetu wa hapa Suguti, maana wao huimba kwa Kijita shambani, harusini na msibani, na nyimbo hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Amejifunza kwetu sisi walimu.

Kwa hiyo nimeanza kuwafundisha habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, mtoto wa mfinyanzi, na mwenyewe akitembeza vyungu kuuza. Hakusoma shule. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na marehemu Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia kuuawa kwa mwanamke na kesi iliyofuata. Wapo watakaosema hayo si ya watoto, lakini darasa la saba waliyajadili kwa busara kuliko baadhi yetu watu wazima.

Baada ya Siti wapo Bi Kidude, aliyezirithi nyimbo zake na kuziimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013. Shakila Saidi wa taarabu, aliyefariki mwaka 2016. Na ng'ambo ya ziwa letu Saida Karoli wa Kagera, aliyeimba Kihaya na nchi nzima ikacheza. Nilipowaambia kwamba ngoma za muheme za Wagogo hupigwa na wanawake, wavulana walibisha mpaka kengele ikalia.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba namfundisha bintiye uhuni. Nilimsikiliza kwa heshima. Hofu yake si mpya, kwani Siti mwenyewe alitukanwa na kudharauliwa kabla ya kusifiwa. Lakini mzazi huyo huyo kila Jumapili humsikiliza mkewe akiongoza kwaya kanisani, tena kwa furaha. Nilimwuliza tofauti ni ipi, akasema atanijibu siku nyingine. Ninaye bado binti yake darasani.

Huko Ujerumani alikuwapo mtawa aitwaye Hildegard, aliyefariki mwaka 1179. Nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo, na jina lake linajulikana kwa sababu ziliandikwa. Bibi zetu waliokuwa wakitunga huku wakisaga ulezi hawakupungukiwa na kipaji. Walipungukiwa na mwandishi. Sasa kila mwanafunzi wangu huandika katika daftari la darasa wimbo mmoja wa nyumbani kwao, pamoja na jina la aliyeutunga kama anajulikana. Mpaka sasa zimo nyimbo 23. Bibi wawili waliotuimbia tumeshawazika.

Daftari haliimbi lakini. Naziomba wizara zinazohusika na elimu na utamaduni zishirikiane na TBC, inayohifadhi kanda za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam, ili nakala za nyimbo za wanawake zitufikie shuleni, pamoja na maelezo mafupi ya kila mtunzi. Vyuo vya ualimu navyo vipewe. Ama walimu wenzangu wa Majita na Mara nzima, wasingoje kanda hizo. Waanze na bibi walio jirani na shule zao mwezi huu huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Suguti, Musoma.