Kabla ya moto wa Nyiragongo, neno mazuku

Wenzetu wa mwaka wa mwisho wameanza tena kuzungumzia safari ya Kivu. Karatasi inayopita mikononi ina nauli, makoti ya baridi, chakula cha siku mbili mlimani na, bila shaka, picha za moto ndani ya Nyiragongo. Ni mpango wa watalii. Sina ugomvi na watalii, lakini sisi ni watu wa kitivo cha lugha, na katika karatasi nzima sikuona hata mstari mmoja juu ya lugha. Kwa maoni yangu, safari hiyo ina sababu moja tu ya kugharimiwa na kitivo: kukusanya maneno ambayo watu wa Goma wanaishi nayo kati ya volkano na ziwa lenye gesi, na kutambua maneno wanayoyahitaji lakini bado hawana.

Tuanze na walilo nalo, mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, isiyo na rangi wala harufu. Hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi, au mtoto aliyeinama, anaanguka na kufa. Upande wa Bulengo na Sake kila mtu anaijua. Wataalamu wa volkano walipokuja kupima hawakuunda jina jipya. Walichukua lile walilolikuta, na leo wanaliandika mazuku katika Kifaransa na Kiingereza chao. Ni mara ngapi Kiswahili cha Kongo, hiki tunachoambiwa darasani kwamba kimeharibika, kimeupa ulimwengu neno la sayansi?

Wataalamu hao hulifasiri kama “upepo mbaya”. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza, kwa sababu ndani ya neno hilo hakuna upepo wala ubaya. Mimi nasikia kitenzi kuzuka, na karibu yake mzuka, kitu kinachotokea ghafla kisionekane kimetoka wapi. Kama nasikia vizuri, jina lenyewe ni onyo. Lakini maoni ya mtu aliyekaa Kalemie hayatoshi. Wahunde wa Sake wanaiitaje hewa hiyo katika Kihunde? Wahavu wa pwani ya ziwa je? Nani alianza kusema mazuku, na kwa lugha gani? Hayo ni maswali ya kutosha kwa kazi mbili au tatu za kumalizia masomo.

Sasa neno wasilo nalo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, kama ilivyopasuka mwaka 1977 na mwaka 2002, na lava ikaja kusimama kwenye ukingo wa Goma. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 ya mji ihamwe. Hofu kubwa wakati huo haikuwa lava peke yake, ilikuwa ziwa. Vilindi vya Kivu vimeshika kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni ni dogo mno kando ya Kivu, lakini lilipotoa gesi yake tarehe 21 Agosti 1986 liliua watu wapatao 1,700 katika usiku mmoja. Wataalamu wana jina la Kifaransa la jambo hilo. Sisi tungemwambiaje mama anayeuza samaki ufukweni?

Wengi watajibu haraka: ziwa litalipuka. Mimi napinga. Goma ni mji unaojua mabomu, na mtu wa mji kama huo akisikia mlipuko hulala chini. Gesi nzito inakaa hukohuko chini. Tafsiri inayomlaza mtu chini inampeleka kwenye kifo, hata kama kamusi inaikubali. Huenda afadhali kusema kwamba ziwa zima linaweza kutoa mazuku, maana neno hilo linabeba tayari maarifa ya kupanda juu na kutoka bondeni. Hilo nalo tuwaulize wenyewe kabla ya kuwaandikia.

Msiseme mambo hayo ni ya mbali. Volkano za Virunga ndizo zilizoiziba njia ya zamani ya maji ya Kivu kuelekea kaskazini. Ndiyo maana leo yanashuka kwa mto Ruzizi hadi ziwa letu, na ziwa letu linatokea hapa Kalemie kwa Lukuga. Samaki walipanda upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aina moja ya ndagala wetu ilipelekwa Kivu, na huko wakaitwa sambaza. Katika miaka ya 1960 wakapelekwa Kariba, na huko ni kapenta. Samaki yuleyule, majina matatu. (Mwalimu anayetafuta mfano wa semantiki anakaribishwa.)

Kuhusu tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, tuseme ukweli. Njia yetu ni boti hadi Uvira, gari hadi Bukavu, halafu boti tena hadi Goma. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Hakuna mkuu wa kitivo atakayetia sahihi chini ya safari hiyo, na asitie. Lakini nusu ya kazi haihitaji boti. Bandarini na sokoni hatukosi watu waliotoka Kivu, nao wanasema Kiswahili chao mbele yetu kila siku. Tuwaendee kwa heshima, tuombe ruhusa, na tusimlazimishe mtu aliyepoteza nyumba kutusimulia alivyokimbia ili sisi tupate pointi. Swali langu la kwanza liko tayari kwenye daftari: alfajiri, mtoto akitaka kushuka bondeni kuchota maji, kwenu mnamwambia nini?